Karani wa Temeke Aliyekataa Kuandikwa Jina

Kasimiri Nangomwa alikuwa na sharti moja: kazi aliyomfanyia rafiki isiandikwe jina lake. Yeye alikuwa Mmwera, rafiki huyo, Gregori, alikuwa Mngoni, na makabila hayo ni watani. Mtani, alisema, hashukuriwi kwenye karatasi.

Gregori alikuwa mwalimu wa Kinondoni aliyeandika kitabu kidogo kuhusu kijiji cha ujamaa. Mwaka 1968 mama mmoja wa Kidenmaki alipotaka kukitafsiri, Gregori alimpeleka Temeke kwa Kasimiri, karani aliyepunguzwa kazi bandarini Kurasini. Miezi minane walikaa barazani, Kasimiri akifafanua ukurasa kwa ukurasa. Ghala la mbegu la kijiji, Gregori alikuwa ameliandikia mistari sita tu. Kasimiri akasimulia jinsi mama yake alivyoweka mbegu za mtama kwenye uchaga juu ya meko, moshi uzuie wadudu, na jinsi nyumba iliyokosa mbegu ilivyopewa bila kuulizwa maswali. Mama yule wa Kidenmaki akayatia yote kwenye tafsiri.

"Jina lako liwekwe japo mwishoni," Gregori alimwambia.

"Nyie Wangoni mlitunyang'anya bibi zetu, leo mnataka na majina?" Kasimiri akacheka. "Nenda zako, mla panya wewe."

Gregori akaenda zake, na moyoni akafurahi kubaki na sifa peke yake. Hapo ndipo alipokosea. Unyenyekevu wa mtu haumpi mwenzake ruhusa ya kuuficha ukweli.

Huko Denmaki, sura ya ghala ndiyo iliyopendwa. Wakulima wakaanzisha maghala yao ya pamoja, wakamwandikia Gregori barua za kumsifu kwa maneno ambayo hakuyaandika. Alizijibu zote kwa adabu. Hakumtaja Kasimiri hata mara moja.

Mwaka 1976 mfasiri akaandika: kitabu kinachapwa upya, wasomaji wanauliza habari za moshi zilitoka kwa nani, naye amechoka kunyamaza. Alitaka jina kamili la yule rafiki. Gregori aliisoma barua mara mbili, akaona haya, akashika njia ya Temeke.

Alimkuta Adelina, dada yake Kasimiri, akichambua mchicha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa, Mngoni. Wali umekwisha." Uso wake haukucheka. "Mtani wako alichukuliwa kwenye msako wa wasio na kazi, mwezi wa tatu sasa. Aliwaambia mgambo ana kazi, alifasiri kitabu kinachosomwa Ulaya. Wakamwambia akilete."

"Akakileta?"

"Si mama yule alimtumia kimoja? Wakakifungua, wakakuta jina lako na la Mzungu. Wakamwambia, zee zima linaongopa, panda lori."

Gregori alitazama chini.

"Mie sikulaumu kwa kitabu," Adelina akasema. "Alikataa mwenyewe. Lakini barua moja ya mkono wako, mwalimu, angewaonyesha."

Lori lilikuwa limempeleka kijiji kipya ng'ambo ya Rufiji. Gregori alisafiri siku mbili. Alioneshwa kaburi la wiki tatu, homa, walisema. Kwa desturi mtani hufika msibani akamtania marehemu, akalala hata shimoni akidai apewe chochote ndipo atoke, waliofiwa wapate kucheka. Gregori alisimama pale hadi jua likawa kali, asipate neno.

Aliporudi alituma jina kamili Denmaki, na likachapwa.

Sharti lile lilimgharimu Kasimiri uhai wake, kwa sababu rafiki yake alilishika kwa kuwa lilimfaa yeye.