Ovari za Mama Njeri

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, huko Nakuru, sista msimamizi alinifunza mambo mawili: kuhesabu vitambaa vya damu kabla tumbo halijashonwa, na kujaza fomu za idhini mapema ili daktari asingoje. "Mama akishapita arobaini," alisema, "andika atolewe kizazi na ovari zote mbili. Hizo hazina kazi tena." Nikaandika hivyo miaka mingi, na nilijivunia mwandiko wangu.

Ndipo akaja Mama Njeri, mkulima wa viazi kutoka Elburgon, miaka arobaini na mbili, amechoshwa na damu ya uvimbe wa kizazi. Wengine walitia sahihi pale nilipoweka kidole. Yeye alivaa miwani akasoma.

"Sista, mimi nimekuja kutolewa kizazi. Hizi ovari ziko na ugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni vile tu sisi hufanya."

"Ni vile mnafanya?"

Niliona haya. Nikamwita daktari mkuu wa upasuaji, mtu mkali, nikijua nitagombezwa. Badala yake alivuta kiti akaketi.

"Nikizitoa, mama, mabadiliko ya uzee yatakuja ghafla: joto mwilini, usingizi kupotea, mifupa kudhoofika. Tutakupa dawa ya homoni, utumie mpaka ukaribie umri wa miaka hamsini. Nikiziacha, zitaendelea kukutengenezea homoni, ila kuna uwezekano mdogo zipate ugonjwa baadaye. Kwenu kuna mtu amewahi kuugua saratani ya ovari au ya matiti?"

"Hakuna." Akafikiri. "Basi ziache, daktari. Ukifungua upate ziko mbaya, toa. Lakini uniambie."

Akachukua kalamu, akayafuta kwa mstari maneno yangu "na ovari zote mbili", akatia sahihi.

Kizazi kilipotoka, daktari aliniambia nisogee. Ovari nilikuwa nimeziona mara nyingi kwenye beseni, lakini sikuwahi kuziangalia mahali pake. Zilikuwa nyeupe, ndogo kama viazi ambavyo wavunaji huviacha shambani, na bado zilikuwa kazini. Nilishangaa mpaka nikasahau kuhesabu vitambaa. Yaani vitu vidogo hivyo ndivyo vilivyolinda mifupa na usingizi wa mtu mzima! Tukaziacha. Nikahesabu upya, daktari akashona.

Siku hiyo nilizirarua fomu zote nilizokuwa nimezijaza mapema. Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana wakija kunisalimu nawaambia waache nafasi wazi, wamuulize mama kwanza. Mama Njeri namkumbuka kwa furaha. Lakini wale wa kabla yake hawakuuliza, nami sikuwaambia, na walipotoka wodini walinishika mkono wakasema asante.