Upawa wa Mama na Mbrazili Wetu

Ilibaki kidogo tu mama yangu azime kazi ya mchezaji mpira wa kulipwa, na silaha yake ilikuwa upawa. Namtaja yeye kwanza kwa sababu hatasoma haya. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa langu, na nilikaa nalo zaidi ya miezi miwili nikijiona msomi.

Mchezaji mwenyewe alikuwa Mbrazili. Aliletwa kwetu mtaa wa Umoja na kocha wa timu moja ya ligi, jirani anayeimba sauti nzito katika kwaya ya kanisa letu. Timu ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na ilitaka chumba karibu na uwanja wa mazoezi na mtu wa kumpikia. Chumba tulikuwa nacho, kile ambacho marehemu baba alikiongeza mbele ya nyumba kama walivyofanya majirani wote, mpaka barabara yetu ikabaki njia ya mbuzi. Mpishi naye alikuwepo, tena wa kujivunia.

Kocha hakutuficha kitu. "Ana miaka thelathini na tatu, mama," alimwambia mama yangu. "Miezi mitatu ikiisha atapanda mizani, halafu apimwe mbio. Akipita, anasaini. Asipopita, anarudi kwao, na kwa umri huo hakuna timu nyingine itampigia simu."

Jioni ya kwanza mgeni aliketi, mrefu na mwembamba kama mlingoti, akapapasa mbao zetu na kusema, "Meza." Kisha akaonyesha kalenda ukutani, yenye picha ya bendera, akasema neno ambalo masikioni mwangu lilikuwa "bendera" kabisa.

"Mama!" nikasema. "Huyu amejifunza Kiswahili kwa ndege!"

Baadaye nilikuja kujua kwamba maneno hayo tuliachiwa na Wareno huko pwani zamani za kale, na Kireno ndiyo lugha ya Mbrazili. Wakati huo sikujua. Nilikuwa na diploma ya ukarani na mdomo mpana, basi. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Mama akaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula cha kwetu Ukambani. Mgeni akaitazama sahani bila kuigusa. Mama alikuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, kwa sababu mama yangu haketi wageni wakila. Anapakua, anasubiri, kisha anakula mwisho kabisa, jikoni. "Hajazoea," akaninong'oneza. Ndipo tukaona macho ya mtu mzima yamejaa machozi. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akanieleza kwamba nyanya yake, aliyemlea katika nchi kame huko kaskazini-mashariki mwa Brazili, hukoboa mahindi vivyo hivyo na kuyapika na maharagwe. Akala yote. Kisha akamtazama mama, akaweka mkono kifuani na kusema kwa heshima nyingi:

"Tia."

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Si umesikia? Anasema tia. Chakula kimempendeza, anataka kingine."

Mama akatia. Mbrazili akala, akasema tena, "Tia." Mama akatia tena, uso umemng'aa. Sisi watoto wake tangu utotoni tulikuwa watu wa "nimeshiba, mama." Hakuwa amewahi kumpata mlaji wa kuitisha hivyo.

Ikawa ndiyo desturi. Kila jioni mgeni husema tia, na mama hutia. Hatukujua kwamba nyanya yake alimfundisha kuwa kubakiza chakula cha mama mtu mzima ni matusi. Walikuwa watu wawili wenye adabu wakisukumana shimoni, na mkalimani wao ni mimi.

Umoja nzima ilikuwa na hamu ya kumwona akicheza. Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya kirafiki, mtaa wa Kayole, kwenye uwanja wa vumbi, na watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Walitarajia chenga, visigino, mpira wa kuchezwa kama mazingaombwe. Mpira ukamfikia. Mbrazili akavuta pumzi, akaubutua kwa nguvu zake zote, ukapita juu ya ukuta na kutua kwenye paa la mabati la mtu.

"Wasee, hii ni Brazil gani?" jamaa mmoja nyuma yangu akalia. "Huyu ni Mbrazili wa Kitui, bana!"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilipomsimulia mama, hakuona kichekesho. "Kitui ni kwetu," akasema. "Basi ni wetu."

Alikuwa beki, maskini, na hakuwahi kuwa kitu kingine. Hadithi yake ilikuja kidogokidogo mezani, kati ya tia moja na nyingine. Aliondoka kwa nyanya akiwa na miaka kumi na mitano, viatu vya mpira ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda basi la siku mbili. Timu za miji midogo ya kwao hucheza miezi mitatu au minne, kisha hufunga mlango mpaka mwaka unaofuata, na miezi iliyobaki alichanganya saruji kwenye mijengo. Aliwahi kuchezea nchi ya baridi ambako mpira ulipakwa rangi ya chungwa usipotee kwenye theluji. Huko goti likaumia. Timu kumi na moja kwa jumla. Kwenye televisheni alionekana mara moja tu, akiwa ameketi chini, mshambuliaji wa timu nyingine akishangilia bao. Hilo alilisimulia akicheka kuliko sisi wote. Sikupenda mpira, na bado sipendi, lakini nilianza kumpenda mtu huyu anayeweza kuchezewa na maisha namna hiyo na bado akaamka alfajiri kwenda mazoezini.

Wiki tatu kabla ya kupimwa, kocha akaja kwetu bila kubisha hodi, na Mbrazili nyuma yake ameinamisha kichwa.

"Kilo saba!" akafoka. "Mama, ameongeza kilo saba! Leo amefukuzia mpira akachelewa kuufikia, kama mtu aliyebeba gunia. Mnamlisha nini huyu?"

"Anachoomba," mama akajibu, amekasirika. "Mimi nimnyime mgeni? Kila siku tia, tia, tia. Mwulize!"

Mbrazili akasikia neno lake, akainua uso, akamtazama mama kwa upendo na kusema, "Tia."

Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye upawa.

Sijui nini kilinigusa, lakini kwa mara ya kwanza nilitoa simu na kuliandika lile neno kwenye mtambo wa kutafsiri, kutoka lugha ya Brazili, ambayo simu ilisema ni Kireno. Nikasoma. Nikatamani sakafu initafune.

"Mama," nikasema polepole, "haombi chakula. Anakuita shangazi."

Kocha akacheka kwa ile sauti yake ya kwaya mpaka sahani zikatikisika. Mbrazili alipoelewa, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akacheka naye, kisha akaacha ghafla, maana alikumbuka mizani. Mama hakucheka kabisa.

"Shangazi ni dada ya baba," akasema. "Mimi ni dada ya baba yake, ama ya mama yake?"

"Kwao ni neno moja, mama. Pande zote."

"Lugha gani hiyo isiyojua upande?" akasonya, akaingia jikoni. Nilimfuata kumwomba radhi, nikasimama mlangoni. Mama alizaliwa peke yake, hana ndugu wa kumzalia mpwa. Alikuwa ameishikilia sufuria tupu na akiijaribu ile sauti kwa kunong'ona: "Tia. Tia." Nilirudi sebuleni taratibu. Niliona aibu, na nilifurahi pia, sijui ni kipi zaidi.

Kuanzia kesho yake nyumba ikawa kambi. Mama alipakua upawa mmoja, akafunika sufuria na kuikalia kama kuku atamiaye. Mimi, kwa kulipia ujuaji wangu, niliamriwa kukimbia naye kila asubuhi kabla ya kazi. Mimi! Mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye hukimbia akiona mvua tu. Tulikimbia kandokando ya barabara ya Outer Ring, yeye mbele, mimi nyuma nikiwalaani Wareno. Na lile neno mama alilipiga marufuku. "Nisilisikie ndani ya nyumba hii mpaka upimwe," akamwambia. "Mkono wangu hulielewa vibaya."

"Nikuite nani?" akauliza, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa cha kweli. "Mama ninaye. Yuko kwa kaburi, lakini ninaye."

"Usiniite. Kula."

Siku ya kupimwa, mama alivaa nguo za kanisani na kwenda uwanja wa mpira kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mizani ilikuwa ya kwanza. Alipita kwa tofauti ya upawa mmoja tu, kocha akasema, na mama akajifuta jasho. Zilibaki mbio: raundi kumi na mbili, na kocha akiwa na saa mkononi. Raundi ya nane alikwenda vizuri. Ya tisa goti likaanza kumsumbua. Ya kumi niliona mabega yameanguka, na kocha ameacha kumtazama yeye, anatazama saa. Niliwaza basi la siku mbili, na yule kijana wa viatu kwenye plastiki anarudi nyumbani mzee.

Mama akasimama. "Tia!" akapiga ukelele. "Tia bidii! Tia! Tia!"

Wachezaji wenzake ukingoni wakalidaka, wakaimba wote: "Tia! Tia!" Mbrazili akageuza shingo kama mtu aliyeitwa na wa kwao, akamwona mama na kitambaa chake cha kanisani, na miguu ikakumbuka kazi yake. Alimaliza zikiwa zimesalia sekunde chache, akalala chali kwenye vumbi. Alipopata pumzi alituambia kwamba hakujua mama anahimiza bidii. Alidhani anamjulisha kuwa shangazi yuko hapa.

Alisaini msimu mmoja, si miwili kama alivyotamani. Kocha alisema goti ni goti. Yeye alisema msimu mmoja ni mrefu kuliko timu nyingi alizochezea.

Jioni hiyo mama alipika muthokoi sufuria kubwa, akasimama mahali pake. Mbrazili alimaliza sahani, akaweka kijiko chini. "Sasa naweza kusema?" akauliza. Mama akaitika kwa kichwa.

"Tia."

Upawa ulikuwa tayari hewani. Mama akausimamisha. "Unaniita ama unaitisha?"

Alifikiri kidogo, akipanga Kiswahili chake. Kisha akaisukuma sahani kando na kuvuta kiti kilichokuwa tupu karibu naye.

"Naita," akasema.

Mama alinitazama, akakitazama kiti. Akaniwekea upawa mkononi, akaketi mezani. Nami nikampakulia.