Kabichi ya Hulda na Chombo Chenye Mkono

Hulda alizaliwa Njombe, kwenye baridi na ukungu, ambako hata mvivu hana kisingizio cha kukosa mboga. Akaolewa na Lukas, kibarua wa barabara, akahamia kambi ya Makambako: upepo, vumbi, jua la kukausha mate, na uwanja mgumu kama kisogo cha karani. Shamba hakupewa. Akaokota madebe ya mafuta ya taa, akayatoboa matako kwa msumari, akayajaza udongo na samadi. Jua lilipoyachoma hata mizizi ikaiva, aliyavika magunia yaliyoloweshwa. Figiri, mboga ya majani, ikafurika, na wazee wa kanisa wakagundua ghafla kwamba nyumba ile yahitaji maombi, hasa saa ya chakula.

Kabichi kubwa kuliko zote ilimea pengine. Jalalani kwa Mzungu msimamizi wa barabara Hulda aliokota chombo cha kukojolea usiku, cheupe, chenye mkono, kimetoboka chini. Tundu lilikuwa tayari, angekiachaje? Akakificha nyuma ya jiko.

Siku ya mavuno aliileta kabichi ile kanisani iwe sadaka. Mzee wa kanisa Anania akasimama.

"Bustani ya mwinjilisti ilipotewa na kabichi juzi. Mama Hulda, shamba lako liko wapi?"

"Madebe yangu unayajua, Mzee. Umeyala sana."

Watu wakacheka.

"Debe halizai kichwa kama hiki. Lete hicho ilimomea, au uondoke na jina la mwizi."

Hulda alitazama sakafu. Aibu zilikuwa mbili, na ya kweli ndiyo iliyonuka. Akatoka, akarudi na chombo, udongo na kisiki vikiwa bado ndani. Akakiweka mezani, mkono ukimwelekea Anania, akasimamisha kabichi juu ya kisiki. Mkato ukakutana na mkato.

"Lakini hicho, Mama, ni..."

"Ndicho, Mzee. Kinavuja, ndiyo maana Mzungu alikitupa, na ndiyo maana mizizi haikuoza."

Mwinjilisti Filemoni alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. "Sadaka imepokelewa," akasema.

Mchana wazee walipikiwa mavuno, kama desturi. Anania alikula ugali kwa chumvi. Kumwita mwenzake mwizi hakukumchefua. Kabichi safi ndiyo iliyomchefua.

Jumatatu mke wa Anania, Idda, alipita kwa Hulda akinong'ona: Mzungu hajatupa kingine?

"Na Mzee je?"

"Usimwambie. Atakula tu."