Kelele za Kaseti

Fundi redio wa Buhare hana neno "imeshindikana". Ana "bado" tu, na hulisema bila kuinua macho, ukucha mrefu wa kidole gumba ukifungua skrubu iliyoikataa bisibisi. Mwalimu Gaudensia amelisikia mara sita tangu alete kutoka Butiama kompyuta ya zamani ya marehemu mumewe, ile inayosoma programu zake kwenye kaseti. Redio kaseti ya kuichezea ilikufa, na mkanda wenyewe umechoka, wakati wowote utakatika. Fundi ametengeneza kiboksi cha memori kadi kishike nafasi ya redio, akarekodi humo sauti ya mkanda, lakini kompyuta haisomi kitu.

Leo ameligundua kosa. Miaka yote anasafisha kaseti za kwaya, anaondoa mikwaruzo, anaongeza besi, na hii aliisafisha hivyohivyo.

"Mwalimu, mimi kelele nimezoeaga kuziondoa," anasema. "Kumbe hapa kelele ndiyo maneno yenyewe."

Anaurudisha mkanda kwenye redio kaseti ya karakana na kuurekodi upya, safari hii bila kuusafisha. Mwalimu anabana pumzi mpaka unapofika mwisho salama. Fundi anakigonga kiboksi mara mbili kwa mpini wa bisibisi, kama anavyogonga kila kitu, na kiboksi kinalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Dakika nne. Kisha kioo kinaandika: GAUDE, SABA MARA NANE NI NGAPI?

Zaidi ya mumewe, hakuna mwingine aliyewahi kumwita Gaude.

"Imekubali," ananong'ona.

"Bado," anasema fundi, akimsogezea kiti. "Inasubiri jibu lako."