Kudurusu Peke Yangu

Baba alitufundisha kudurusu kabla hatujalijua neno lenyewe. Kila baada ya sala ya alasiri, mie na mdogo wangu tulikaa mkekani, magoti yakigusana. Mmoja kashika msahafu, mwengine anasoma kwa moyo. Ukikosea, mwenye msahafu hakwambii umekosea wapi. Anagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, tok, nawe unarudi nyuma ukatafute mwenyewe. Asipogonga, ujue uko sawa.

Baadaye nikawa mwalimu, nikalitumia neno hilo mpaka wanafunzi wakanichoka. Durusuni! Mtihani huo unakuja, durusuni! Na vitabu vyetu vya darasani vikishasahihishwa na kupigwa chapa upya, jaladani huandikwa: toleo lililodurusiwa. Neno ni lilelile. Unarudia, unasahihisha, unarudia.

Sasa nshastaafu, nnakaa peke yangu katika nyumba ya wazee wetu, karibu na Darajani. Mume keshatangulia mbele ya haki, watoto sikujaaliwa. Siku nyengine sauti yangu ya kwanza huitoa sokoni, na huwa nnagombana na muuza samaki. Nikirudi nafunga mlango, basi, sina hata wa kumwambia kwamba changu wa leo hawakuwa wabichi.

Mdogo wangu yuko Bububu, si mbali. Lakini tangu mama afariki, mwaka wa tatu huu, hatusemi. Kisa nnakijua neno kwa neno: nilimpigia simu asubuhi nikamwambia aje, hakuja, saa kumi jioni mama akakata roho mikononi mwangu, mie peke yangu. Nimekisimulia kwa majirani, kwa jamaa waliotoka Mkokotoni, na zaidi kwa kuta hizi. Kila nikikirudia kinazidi kunyooka. Kule kilioni nilimwambia mbele ya watu, "Mama kafa akikuulizia!" Akavaa buibui lake, akaondoka.

Alhamisi iliyopita, baada ya alasiri, nilikaa mkekani kudurusu. Ipo sura ina maneno yanayofanana na ya sura nyengine, na sote tuliohifadhi tunaijua balaa hiyo: ukifika pale ulimi unarukia sura ya pili, nawe unaendelea kwa madaha, hujui kama ushapotea. Nikaruka. Nimeshamaliza, nnajipangusa uso, ndipo nikatanabahi kwamba nilianza sura moja nikamalizia nyengine. Lo! Na hakuna aliyegonga. Nililia, wallahi, mtu mzima mie, nililia kwa kwikwi.

Nikachukua simu nikampigia.

"Shikamoo, dada," alisema, sauti kavu.

"Marahaba. Chukua msahafu unisikilize."

Nikasikia anaburuta kiti. "Haya, soma."

Nikasoma. Nilipofika palepale nikaruka tena. Tok. Kagonga meza karibu na simu. Nikarudi nyuma, nikapita salama, nikamaliza. Hakukata simu, nami sikukata. Nilijua tunangoja nini, na kiburi changu nacho nnakijua. Hatimaye nikasema, "Siku ile ya mama. Nilikupigia asubuhi, nikakwambia uje..."

Tok.

Ghadhabu zilinipanda. Nilitaka kumkemea: ebo, wewe, msahafu gani ulioushika hapo? Lakini nikarudi nyuma, kama tulivyofundishwa. Nilikupigia asubuhi. Mama kashakunywa uji wake. Mie nimekesha siku mbili, nimechoka, nataka nyumba itulie, sitaki mgeni, hata wewe.

"Nikakwambia usije," nilisema. "Nikakwambia mama ana nafuu, uje kesho."

Nikangoja.

Hakugonga.