Namba Wani ya Baba

Katika miaka ya hamsini Baba alikuwa akipanga mbao kwenye kiwanda kimoja cha kupasua magogo, huko Elburgon. Mbao ikitoka kwenye msumeno aliigeuza, akaigonga kwa kidole, akaitazama kwa jicho moja kuona kama imepinda. Isiyo na kifundo wala ufa aliiandika moja kwa chaki nyekundu. Hiyo ndiyo namba wani. Nyingine zilikuwa namba tu, yaani ya pili, na namba thri, ya tatu, na zilizobaki zilikuwa kuni.

Neno hilo alilileta nyumbani pamoja na vumbi la mbao. Maziwa ya ng'ombe wetu yalikuwa namba wani. Viazi vya Keringet, namba wani. Nikifua shati lake likatakata, mimi nami nilikuwa namba wani. Kwa hiyo mwalimu alipouliza darasani maana yake, niliinua mkono upesi.

"Ni mbao isiyo na vifundo!"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaeleza kwamba ni Kiingereza, na maana yake ni 'ya kwanza'. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia Baba.

"Mwalimu amesema kweli," akanijibu. "Lakini ya kwanza kwa nini? Hapo lazima uiangalie mbao yenyewe."

Mwaka huo Mama aliugua, akalazwa hospitali Nakuru karibu miezi miwili. Aliporudi alikuwa amekonda, hasemi sana, na jiko lilikuwa bado mikononi mwangu. Jumamosi moja akaniambia, "Leo toka hapo. Nitaoka mwenyewe."

Alikanda unga, akautia kwenye sufuria, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Akaketi apumzike kidogo, usingizi ukamchukua. Tulipofunua, mkate ulikuwa mweusi tititi. Mama akaanza kulia.

"Hata mkate umenishinda," akasema.

Baba ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Hakusema pole. Aliuchukua mkate, akaugonga kwa kidole, akauinua mpaka usawa wa jicho. Kisha akatoa chaki mfukoni, akauandika. Mama hakujua kusoma, akanigeukia.

"Ameandika nini huyu?"

"Namba wani, Mama."

"Uongo! Hizi ni kuni."

"Mama watoto," Baba akasema, "kazi hii nimeifanya miaka mingi. Unataka kunifundisha?"

"Basi kula, baba watoto, tuone."

Alivunja kipande, masizi na chaki na vyote, akatafuna. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, lakini akameza, akaomba kingine. Mama alicheka hadi akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku alipopandishwa lori kupelekwa hospitali.

Tulikwangua weusi kwa kisu, tukala kilichobaki na chai. Katikati palikuwa pabichi kidogo. Jumatatu yake Mama aliamka kabla yangu, nami nikaenda shule bila kuwasha moto.