Siku Nilipompokonya Mama Mkwe Sufuria ya Mchicha

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, maana siku niliyompokonya mama mkwe sufuria mbele ya diwani, shehe na nusu ya Ujiji, nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mimi ndiye niliyekuwa naangalia tangi la gesi nyuma ya vyoo vya soko. Kinyesi kinaingia huku, mle ndani hakuna hewa, vijidudu visivyoonekana vinakula uchafu, gesi inatoka kule mama lishe wanapikia, na maji ya mwisho yanatoka maangavu kabisa (nilikuwa nawakingia wageni kwenye glasi wayatazame, najiona profesa). Nililipenda lile tangi, sisemi uongo. Chini linabaki tope jeusi, na Injinia Spesioza, dada aliyelijenga, alikataza lisitoke mpaka lipimwe. Mimi nikajiambia, kama maji ni masafi hivi, tope litakuwa na nini? Nikajaza viroba, nikapakia bodaboda, nikampelekea mama yake Hadija kule Gungu.

Hadija ndiye niliyekuwa namposa, na mama yake, Muha wa Kalinzi, alikuwa bado hajatoa neno. Kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hata maneno yanapitia kwa mtu mwingine, sasa ningembembeleza kwa kitu gani kama si mbolea? Mchicha wake ukaota majani mapana kama sahani.

Siku ya kuwaonyesha wageni tangi, Injinia akasimama.

"Mafundi wa betri za taa za kuvulia dagaa wamekuwa wakimwaga maji ya betri chooni," akasema. "Yana madini ya risasi, na risasi ni sumu. Lakini tazameni tangi lilivyofanya kazi! Vijidudu vinakula uchafu, risasi haviili. Inashikana na salfa, ile inayonuka yai viza, inazama, ziwa letu linapona. Ila uchafu unapungua, risasi haipungui, yote imerundikana kwenye tope. Na tope hilo likikaa shambani, likapigwa na hewa, linaanza kuiachia. Lisiguse mboga!"

Watu makofi, na mimi makofi (kwa kweli alieleza nikaona fahari), mpaka nikageuka nikamwona mama mkwe kajitanda kanga, kashika sufuria ya mchicha wa mawese, zawadi kwa wageni, anachota aonje chumvi.

Ningemtuma nani? Hadija alikuwa kule mbali anagawa sahani. Niliruka, nikamdaka mkono, nikanyakua sufuria, mawese yote yakanimwagikia kwenye kanzu.

"Mama, usile! Ni lile tope!"

"Yemwe!" akamaka kwa Kiha. "Mkwe kanishika!"

Shehe akatazama pembeni. Nikajua posa imekufa, na kazi nayo.

Injinia akaja mbio, hakunigombeza, akaniuliza jambo moja tu: "Mchicha umeshaliwa?"

Mama akamgeukia Hadija, aliyekuwa ameshafika. "Mwambie bado, leo ndio nimeuchuma mara ya kwanza."

Yule dada akashusha pumzi, akawaacha wageni na soda zao, akapanda bodaboda na gauni lake la sherehe mpaka Gungu, akang'oa mchicha wote nasi, akazoa udongo kwa mikono yenye glovu, akaurudisha kwenye viroba, huku anawaeleza majirani kwa Kiha bila kuchoka. Wasomi nimewaona, ila kama yule, bado. Kesho yake ndipo aliponigombeza, na nilistahili.

Posa ilikubaliwa. Mama alimtuma Hadija aniambie: "Heri mkwe aliyenishika mbele za watu kuliko ambaye angenyamaza nikala."

Tangu hapo nimeapa, tope silitoi hata kijiko bila Injinia kusema. Lakini kiapo hakijanisaidia kitu Gungu. Nikienda kula kule, mboga huletwa kwangu kwanza, na hakuna anayegusa ugali mpaka nimeze.